Honi ya Shangazi

Nchi hii kwa sasa haina jina. Ilikuwa nalo, zuri tu, lakini lilipelekwa ng'ambo kuboreshwa na mpaka leo halijarudi, kwa hiyo wananchi wanavumilia kuiita Nchi, na wageni wakiuliza huambiwa wasubiri. Mambo mengine yote yako sawa. Barabara ziko sawa, hospitali ziko sawa, na anayesema haziko sawa hupelekwa Nyumba ya Tafakari, akakaa humo kwa utulivu mpaka naye awe sawa.

Katika Nchi hiyo ipo reli nyembamba, nyembamba kiasi kwamba mtu mzima mwenye haraka zake anaweza kuiruka bila kukunja kanzu. Inatoka mji wa ziwani, inapanda milima ya Kigulu ikihema, kisha inateremka upande wa pili mpaka viwandani. Kwa miaka na miaka mizigo ya Nchi, yaani chumvi, simenti, mahindi na mabati, ilivutwa juu ya reli hiyo na injini moja ya mvuke ambayo wafanyakazi walimwita Shangazi, kwa sababu alikuwa mnene, mkali, na bila yeye hakuna shughuli iliyokwenda.

Siku ambayo mvuke ulikomeshwa nchini, dereva Lukindo alikuwa anauendesha.

Alikuwa katikati ya mlima na mabehewa ya chumvi nyuma yake. Masumbuko, mchochea moto wake, alikuwa amefunga redio ndogo kwa waya juu ya sanduku la spana, na kwenye redio hiyo akazungumza Mheshimiwa Waziri wa Mwendo na Maendeleo Yanayoonekana. "Ndugu wananchi," alisema, "kuanzia saa hii ninapozungumza, moshi ni historia. Garimoshi la mwisho limekwisha kupita. Anayetaka kuliona tena alitazame kwenye kumbukumbu zake, na huko nako asikae sana. Sisi sasa ni watu wa umeme!" Makofi yakalia mpaka redio ikakwaruza.

Masumbuko alisimama na koleo mkononi, akautazama moto, akamtazama dereva wake. "Mzee, nichochee au niache?"

"Chochea," Lukindo akasema. "Tuko mlimani."

Kesho yake Bwana Kaimu alifika stesheni mwenyewe. Huyu alikuwa Kaimu Mkurugenzi wa Reli, na alikuwa amekaimu muda mrefu hivi kwamba hata mkewe alimwita Kaimu. Alimkuta Lukindo akimpaka Shangazi grisi kwenye viungo, akavua kofia.

"Mzee Lukindo, pole na hongera."

"Za nini, bwana mkubwa?"

"Pole kwa kukomeshwa. Hongera kwa kuendelea."

Akaeleza kwa upole. Injini ya umeme imekwisha wasili, nzuri ajabu, imefunikwa turubai isichafuke. Kilichobaki ni umeme wenyewe, nao uko njiani. Wakati unangojewa, viwanda haviwezi kula hotuba, hivyo Shangazi ataendelea kuvuta mizigo. Lakini kwa kuwa Waziri ametamka kwamba hayupo, itabidi avute kwa masharti ya kitu kisichokuwepo. Hatakuwa na ratiba. Moshi wake utaitwa ukungu, na wananchi wa kando ya reli wamekwisha elekezwa.

"Ukungu saa saba mchana?" Lukindo akauliza.

"Ukungu wa mchana. Na jambo la pili, honi ni marufuku. Ukungu haupigi honi, mzee."

Hapo Lukindo akaliweka kopo la grisi chini. "Na Kona ya Ndulele?"

Lazima msomaji aijue kona hiyo. Ukimaliza mteremko wa Kigulu reli inapinda ghafla kuuzunguka mwamba, upande mmoja jiwe, upande wa pili genge na mto unaoporomoka kwa kelele usiku na mchana. Mahali pote hapo hakuna uwanja tambarare isipokuwa juu ya reli yenyewe, na juu ya reli hiyo, tangu enzi za bibi zao, wanawake wa Ndulele walitandaza soko. Viazi, nyanya, sabuni za vipande, vitenge. Gari lenye mzigo likiteremka huwa limefunga mvuke, linateleza lenyewe, na kwa kelele za mto hulisikii mpaka likupumulie kisogoni. Basi walisikiliza honi. Kila dereva alikuwa na mlio wake, na wa Lukindo ulikuwa wa milio mirefu miwili na mfupi mmoja wa kukatika. Ukilia huko juu, kila mwanamke anakamata kitambaa chake kwa pembe nne, anajibana kwenye mwamba, Shangazi anapita akiwapangusa vifua kwa joto lake, na behewa la mwisho likiishia kitambaa kinarudi chini. Mnunuzi aliyekuwa anabishana bei ya kisado cha viazi huendelea pale pale alipoachia. Aliyekaa karibu kabisa na pindo la kona, wa kwanza kusikia na wa kwanza kupiga kelele "Shangazi huyo!", alikuwa muuza dagaa aitwaye Nyamizi. Nyamizi ndiye mke wa Lukindo.

"Soko la Ndulele limehamishwa," Bwana Kaimu akasema.

"Limehamishwa lini, bwana mkubwa? Mke wangu ametoka kwenda huko asubuhi hii."

"Limehamishwa kwa tamko. Kama mkeo bado anajiona yuko pale, hilo ni suala la kifamilia." Akavaa kofia yake, akaaga kwa adabu.

Jioni hiyo Lukindo alimsihi mkewe kwa kila namna. Nyamizi alikuwa anapepeta dagaa, wala hakuinua kichwa.

"Baba Kulwa, hilo soko jipya nimekwenda kuliona. Nimekuta kibao na mbuzi. Mbuzi hanunui dagaa."

"Basi kaa nyumbani kidogo, mpaka umeme ufike."

"Nikae nyumbani tule kibao?" Akauweka ungo chini. "Wewe umeambiwa honi hakuna. Mimi nimeambiwa soko hakuna. Mimi nitauza, na wewe utapiga. Wakiuliza, si tutasema hatupo?"

Alicheka, lakini Lukindo hakuweza kucheka naye. Alimwogopea mke wake, na aliiogopa Nyumba ya Tafakari. Kaka wa Masumbuko alipelekwa huko kwa kusema daraja limevunjika, na aliporudi alikuwa anakubali kila kitu. Ukimuuliza kama ana njaa anakubali, ukimuuliza kama ameshiba anakubali, na familia haijui impikie au isimpikie.

Kwa hiyo Lukindo akatafuta njia ya kati, kama watu waoga na wema wanavyofanya. Akifika juu ya mteremko alikaza breki mpaka magurudumu yakalia, akateremka taratibu, nusu ya mwili nje ya dirisha, akapiga ile mirefu miwili na mfupi mmoja kwa mdomo wake. Wanawake walimsikia kwa shida, wakati mwingine wakiwa wamechelewa, na siku moja Shangazi alilivuruga fungu zima la nyanya. Sauti ya Lukindo ikakauka. Nyamizi akawa anamchemshia tangawizi kila jioni.

Ndipo ikatangazwa sherehe ya kuzindua injini ya umeme.

Umeme ulikuwa bado uko njiani, lakini wageni walikuwa wamekwisha alikwa, ng'ombe wamekwisha chinjwa, na Waziri hakupenda nyama ipoe. Bwana Kaimu hakulala, na asubuhi alikuwa na ufumbuzi. Injini mpya ingekaa mbele na mapambo yake, yafuate mabehewa ya wageni, na mwisho kabisa, akisukuma kwa nyuma, awepo Shangazi. Maseremala wakamzungushia mbao pande zote, bomba la moshi likakunjwa kuelekezwa chini, na nje ya mbao mchoraji akachora madirisha na abiria wanaotabasamu. Abiria mmoja, kwa heshima, alifanana na Waziri. Dereva wa injini ya umeme akapewa usukani wa lori aushike, maana Waziri aliona dereva asiye na usukani hapendezi kwenye picha. Breki za injini hiyo zilikuwa zinangojea umeme kama sehemu zake nyingine zote.

"Mimi ndani ya kasha hili nitaonaje njia?" Lukindo akauliza.

"Utaiona ya nini?" Bwana Kaimu akajibu. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. "Mbele yuko dereva. Wewe sukuma. Na Mheshimiwa anataka bendera zipepee, kwa hiyo mteremkoni usitambae, mzee wangu. Nakuomba. Hata mimi nina watoto."

Siku ya sherehe Lukindo alimwambia Nyamizi asiende. Nyamizi alikuwa amekwisha toka. Siku za sherehe wateja hujaa.

Walipanda Kigulu vizuri. Bendi ilipiga kwenye behewa la pili, wageni walishangilia, na mmoja wao alinusa akasema umeme wa kisasa una harufu ya nyumbani. Ndani ya kasha joto lilikuwa la kuua. Masumbuko alichochea akiwa amevua shati, macho yamejaa machozi ya moshi, na Lukindo alikuwa anaihesabu njia kwa miguu yake: hapa daraja, hapa mtaro, hapa reli iliyolegea. Akahisi gari linainama. Mteremko. Akafunga mvuke, na mzigo wote, pamoja na Waziri na bendi na nyama, ukaanza kuteleza wenyewe kuelekea Kona ya Ndulele, na bendera zikapepea kama zilivyoagizwa.

Wafanyakazi wa Serikali waliohojiwa baadaye walisema hapakuwa na hatari yoyote, na kwa kweli ukifuata matamko hapakuwa nayo. Injini iliyokomeshwa ilikuwa inateremka kwenye soko lililohamishwa. Kitu kisichokuwepo kilikuwa kinakwenda kukutana na kitu kingine kisichokuwepo. Ila hicho cha kwanza kilikuwa na uzito wa chuma, na hicho cha pili kilikuwa kimekaa chini, kimekunja miguu, kinapima dagaa.

"Mzee," Masumbuko akasema.

Lukindo aliogopa. Alimfikiria yule kaka anayekubali njaa na shibe. Halafu akaushika mnyororo wa honi kwa mikono yote miwili, akaning'inia. Mlio mrefu. Mlio mrefu. Mlio mfupi wa kukatika. Kwenye kasha lile sauti iliwapasua masikio wote wawili, na mbao za ubavuni zikatetemeka mpaka msumari mmoja ukachomoka.

Kisha hakuna alichoweza kufanya ila kungoja. Alikaza breki na kusikiliza magurudumu kwa nyayo zake, akiomba yasikanyage kitu laini. Yakalia, yakapinda, yakaendelea kulia, na njia ikawa ngumu na safi chini yake. Akaweka jicho kwenye tundu la ule msumari. Ulipita mwamba, zikapita kanga, nyuso, vitambaa vilivyokunjwa, na mwishoni akapita Nyamizi, mgongo kwenye jiwe, fuko la dagaa limekumbatiwa kifuani, mdomo wazi. Alikuwa anapiga kelele "Shangazi huyo!" huku akitazamana na abiria wa kuchorwa. Lukindo alilia kwa sauti, wala hakumficha Masumbuko.

Huko viwandani Waziri aliteremka akakunja uso. "Bwana Kaimu, kule mlimani nilisikia kitu. Ilikuwa sauti gani?"

Bwana Kaimu alilowa jasho mpaka kwenye tai. "Ni... ni sauti ya umeme, Mheshimiwa."

Waziri alitazama juu, akatazama chini. Kisha uso ukamchangamka. "Kumbe umeme unaimba! Mmeona? Sauti hii isipotee milimani huko. Ipelekwe makao makuu, kila mgeni wa Nchi aisikie."

Kwa hiyo Lukindo hakupelekwa Nyumba ya Tafakari. Kesho yake walikuja mafundi na spana, wakang'oa honi kwenye mgongo wa Shangazi, wakaifunga kwenye sanduku lenye utepe, wakaondoka nayo. Mahali ilipokuwa wakapiga kizibo. Shangazi alirudi kwenye simenti na chumvi zake akiwa bubu, na Lukindo alielewa kwamba ametumia mlio wake wa mwisho.

Sauti yake mwenyewe ilikuwa imekwisha kwisha pia. Basi akawa anasimamisha gari juu ya mteremko, anashuka, anatembea kwa miguu mpaka konani, anawanyanyua wanawake mmoja mmoja, anapanda mlima tena, anashika usukani wa breki, ndipo anateremka. Viwanda vikalalamika kwamba simenti inachelewa. Bwana Kaimu, ambaye sasa alikuwa na nishani ya uvumbuzi wa sauti, alikuja na huzuni ya kweli usoni.

"Mzee Lukindo, nimekustaafisha. Na nimekufanyia hisani, umestaafu kuanzia ile siku mvuke ulipokomeshwa. Kwa hiyo yale makosa yote ya katikati hukuyafanya wewe."

"Nani aliyaendesha yale magari, bwana mkubwa?"

"Hakuna," Bwana Kaimu akasema. "Hayakuwepo."

Akaletwa dereva mpya, mtu mwenye adabu zake na cheti chake, aliyesomea kwenye ramani safi isiyo na soko lolote. Masumbuko alijaribu kumwonya, naye akamshukuru, akatazama ramani, akaona Masumbuko amechoka. Wiki hiyo hiyo Shangazi aliteremka Kigulu kimya akiwa na mabehewa ya mabati. Nyamizi alimwona, akapiga kelele, wengine wakaruka. Bi Sikudhani, muuza viazi, alirudi kuchukua mizani yake.

Hakufa. Alipoteza mguu chini ya goti. Hospitalini daktari alifunga jeraha vizuri, lakini sababu ya jeraha ikaleta taabu, kwa kuwa hapakuwa na injini ya kumgonga wala soko la kugongewa. Baada ya mashauriano ikakubalika kwamba ameangukiwa na kabati. Bi Sikudhani hajawahi kumiliki kabati. Serikali, kwa huruma yake, ikampelekea moja, na linakaa nje ya nyumba yake mpaka leo kwa sababu halipiti mlangoni.

Siku Bi Sikudhani aliporudi sokoni na magongo, wanawake walimkuta Lukindo amekwisha fika. Alikuwa amekaa pindoni mwa kona, pale pa Nyamizi, na kiganja cha mkono wake wa kulia kimelazwa juu ya chuma cha reli. Masikio yake hayakufaa tena. Tangu lile kasha yalikuwa yanafifia, na sasa yalikuwa yamekwisha. Lakini mkono ulikuwa unasikia. Shangazi akianza kuteremka, hata akiwa mbali vipi, reli ilimpa habari kwenye mifupa ya vidole, naye anainua mkono wa pili juu. Nyamizi akiuona mkono anapiga kelele, na soko linanyanyuka.

Ikawa hivyo miaka. Hakuna aliyegongwa tena. Wanawake walizoea kuuza huku jicho moja liko kwa Lukindo, na Lukindo alizoea kula kwa mkono wa kushoto, jambo lililomuudhi Nyamizi mwanzoni, baadaye akawa anamlisha. Jua lilimchoma, mvua ilimnyeshea, alikohoa. Bi Sikudhani alimshonea kofia. Jioni mkewe alimkanda kiganja kwa mafuta ya moto, maana kilikuwa kinabaki kimekufa ganzi, na alipokuwa anamkanda alikuwa na hasira na Nchi nzima, hasira ambayo hakuwa na pa kuipeleka.

Halafu redio ikatangaza tena. Alikuwa Waziri mwingine, wa wizara hiyo hiyo, sasa ikiwa na jina refu zaidi. Alisema mvuke sasa umekoma kabisa, safari hii kweli, reli nyembamba imefungwa, na injini ya mwisho imezimwa moto. Wanawake waligeuka wote kumtazama Lukindo. Lukindo hakusikia, ikabidi Nyamizi amwandikie mchangani. Alisoma, akaitikia kwa kichwa kuonyesha ameelewa, na mkono wake haukutoka pale.

Tangu hapo reli imeota kutu, na miti ya ndulele imechomoza katikati ya mataruma yanayoibeba. Kiganja cha Lukindo kimegeuka rangi ya udongo na hakitakati kwa sabuni. Juzi alikuja mwanamke mgeni na kapu la mayai, akataka kutandaza kitambaa chake mbali kidogo, penye kivuli. Nyamizi akamwambia asogee karibu, akae mahali anapoweza kumwona mzee.

"Kwani mzee anangoja nini, mama?" mgeni akauliza. "Mvuke si ulikoma? Redio ilisema."

"Ilisema," Nyamizi akajibu, akaendelea kupima dagaa. "Na mara ya kwanza iliposema, yeye ndiye aliyekuwa anaendesha."